Pikipiki ya muundo wa zamani: kuinunua ikiwa imetumika, kuitunza, na kutoiacha ilale

Nianze na kitu ambacho ningeambiwa mapema kingeniokolea mwaka mzima. Pikipiki hizi za muundo wa zamani, zile za tanki la mviringo lenye mstari wa rangi, taa moja ya duara mbele, rimu za spoki na kromu kila kona, haziuawi na safari. Zinauawa na kulala. Mtu anainunua kwa mapenzi, anaiosha, anaifunika, anaitoa mara tatu kwa mwaka akapige nayo picha, miaka inapita, kilomita zinabaki chache, kromu inang'aa na huku ndani inaoza taratibu. Alafu anaiuza. Na mnunuzi akiona kilomita chache anaona kapata bahati. Kwa hiyo karibu kila kitu nitakachosema hapa chini, kuanzia kununua mpaka kutunza, kinazunguka swali moja: hii pikipiki imekuwa ikitembea au imekuwa ikilala?

Hatua ya 1: Jua unatafuta ipi

Kuna pikipiki ya zamani kweli na kuna ya muundo wa zamani, na watu wanazichanganya sana. Triumph Bonneville ya kwanza ilitoka 1959, jina likatokana na uwanda wa chumvi wa Bonneville kule Utah, Marekani, watu wanakokwenda kuvunja rekodi za spidi. Kiwanda cha Meriden, Uingereza, kilifungwa 1983, jina likanunuliwa, kiwanda kipya kikajengwa Hinckley, na Bonneville mpya ikaingia 2001 na sura ya bibi yake lakini injini mpya kabisa ya cc 790, baadae ikawa 865, na tangu 2016 zimekuja za kupozwa na maji, 900 na 1200. Sasa hiyo ya 1959 na hii ya 2001 ni ndugu wa sura tu. Ile ya zamani gia ziko mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, mfumo wa umeme chanya ndo imefungwa kwenye bodi, na nati zake zinataka spana za vipimo vya kizamani vya Kiingereza, ukileta spana za milimita unakata vichwa vya nati. Mtu wa kwanza kumiliki asianzie hapo, labda kama ana fundi aliyekulia kwenye hizo mashine au yeye mwenyewe ana muda na subira ya kujifunza.

Za muundo wa zamani zinazopatikana kirahisi zikiwa zimetumika ni hizo Bonneville za Hinckley, Royal Enfield (Bullet inatengenezwa India tangu 1955, zile 650 za silinda mbili zikaja 2018, Classic 350 ya injini mpya ikaja 2021), Kawasaki W650 ya 1999 na mdogo wake W800 ya 2011, Honda CB1100, na Yamaha SR400, ambayo ilitengenezwa kuanzia 1978 hadi 2021 na mpaka ile ya mwisho kabisa haina stata, ni kiki tu. Mimi hiyo SR naipenda mno kwa sababu inakufundisha kusikiliza injini, kuna kidirisha kidogo upande wa kulia wa silinda hedi, unabonyeza lile wenzo dogo la kuachia kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), unasukuma kiki taratibu mpaka alama itokee kwenye kidirisha, ndo unajua pistoni imepita juu, hapo unakanyaga mara moja kwa uhakika na inawaka. Ukikanyaga hovyo hovyo inakurudishia mguu.

Kingine cha kujua mapema ni kama unataka ya kabureta au ya injekta, yaani namna petroli inavyoingizwa kwenye injini. Usidanganywe na macho, Bonneville nyingi za injekta zimetengenezewa mwili wa injekta unaofanana kabisa na kabureta ili sura isiharibike. Ya kabureta unaweza kuifungua mwenyewe na bisibisi ila haipendi kulala na petroli ndani. Ya injekta inawaka vizuri asubuhi yenye baridi na haihitaji choki, ila ikigoma unahitaji vifaa vya kusoma hitilafu. Kwa mtu anayejua hatatembea kila wiki, nachukua injekta bila kufikiria mara mbili.

Hatua ya 2: Maswali ya kwenye simu

Kabla hujapoteza nauli muulize mwenyewe: mara ya mwisho kuiendesha ni lini, na ulienda wapi. Sio kilomita ngapi. Mtu anayetembea na pikipiki yake anajibu hapo hapo, anakwambia juzi nilienda mahali fulani na kurudi, cheni nimeikaza wiki iliyopita. Anayeanza kusema iko ndani muda mrefu ila inawaka bila shida, jiandae. Muulize pia betri ina umri gani, matairi yalibadilishwa lini, na kama sehemu za asili zilizotolewa (silensa, siti, indiketa, boksi la filta ya hewa) bado anazo. Alafu mwombe jambo moja kwa upole: naomba usiiwashe kabisa siku hiyo kabla sijafika.

Hatua ya 3: Ukifika, iguse injini kabla hujasalimia kromu

Weka kiganja kwenye silinda na karibu na bomba la ekzosi. Kama ni ya moto, imewashwa kabla hujaja, na hapo kuna kitu hutakiwi kukisikia. Ugumu wa kuwaka ikiwa baridi, moshi wa dakika ya kwanza, kelele ya taimingi cheni kabla oili haijapanda, yote hayo yanafichwa na injini iliyopashwa moto. Mwambie utasubiri ipoe, au urudi kesho.

Nilijifunza hili kwa maumivu. Niliyoinunua mimi ilikuwa na kilomita chache mno kwa umri wake, rangi haina hata mkwaruzo, niliikuta inaunguruma nje ya geti, tamu kabisa. Nikalipa. Wiki ya pili asubuhi nikabonyeza stata, ikatoa mlio mmoja, tak, ikasimama kama imegonga ukuta. Nikadhani betri. Nikachomoa dipstiki ya oili nione, na hapo ndo nikaelewa: oili ilikuwa juu ya alama ya juu kabisa, nyepesi kama maji, na ilinuka petroli. Kutu ya ndani ya tanki ilishuka, ikakaa kwenye sindano ya boya la kabureta (ile inayofunga petroli bakuli likijaa), sindano ikashindwa kufunga, na usiku kucha petroli ilikuwa inashuka kabureta, silinda, mpaka kwenye oili. Silinda ilikuwa na petroli juu ya pistoni, na petroli haikandamizwi kama hewa, ndo maana injini iligoma kuzunguka. Ningelazimisha kwa kusukuma na gia ningeweza kupinda koneksheni rodi, kile chuma kinachoshika pistoni. Yote hiyo ilianza na tanki lililolala nusu tupu kwa miaka.

Kwa hiyo fungua mfuniko wa tanki, washa tochi, angalia ndani mpaka kwenye kona za chini na kwenye dari. Chuma kikavu cha kijivu ni sawa. Rangi ya chungwa au vumbi jekundu linalotembea ukitikisa pikipiki, ni kazi. Nusa pia: petroli nzuri inachoma pua, iliyooza inanuka kama rangi ya zamani ya mafuta. Alafu chomoa dipstiki, nusa. Ukisikia petroli, mazungumzo ya bei yanaanza upya au unaaga.

Sasa iwashwe. Moshi wa bluu ni oili inaungua, ukitokea sekunde chache za mwanzo tu ni sili za valvu, ukiendelea hata ikipata moto ni ringi au silinda. Moshi mweusi ni petroli nyingi. Mvuke mweupe mwepesi asubuhi ni unyevu tu wa kwenye bomba, ila kwa za kupozwa na maji ukiendelea mzito baada ya injini kupata moto, gasketi ya silinda hedi inashukiwa. Ya kabureta ikiwa inawaka na choki tu, ukizima choki inakufa, ila ukivuta mafuta inaenda vizuri, hiyo ni jeti ndogo imeziba, tundu lake ni dogo sana na ndo la kwanza kuziba petroli ikikauka ndani. Sio ugonjwa mkubwa, ila tayari imejibu lile swali la kulala.

Hatua ya 4: Pale ambapo sura ya kizamani inaficha mabaya

Hapa ndo pikipiki hizi zinatofautiana na nyingine, kwa sababu urembo wake wenyewe unafunika vitu. Chukua muda, nusu saa haitoshi.

Shokapu za mbele nyingi zina zile raba zenye mikunjo, zinapendeza na kweli zinakinga vumbi, lakini maji yakiingia hayatoki. Legeza klipu, pandisha raba juu, pitisha kidole kwenye bomba la shokapu. Ukisikia vitone vikali vya kutu, kila ukigonga shimo vitone hivyo vinachana sili na oili inatoka. Nimeona pikipiki safi kabisa kwa nje, raba zikipandishwa oili inamwagika chini kama imefunguliwa koki. Madigadi ni ya chuma, lala chini uangalie kwa ndani, pale yanaposhikwa na bolti na pale tairi linaporusha matope. Bomba la ekzosi linaoza sehemu linapoungana na silensa, na chini ya silensa pale maji yanapotulia baada ya safari fupi fupi.

Taa ya mbele, lile duara zuri, kwenye nyingi ndilo boksi la waya. Omba skrubu ifunguliwe utazame. Ukikuta waya zimesokotwa na kuvalishwa tepu tu, viunganishi vyenye ukungu wa kijani, ujue umeme utakusumbua na siku zote utakusumbua usiku.

Rimu za spoki: inyanyue kwenye stendi ya katikati, chukua spana ndogo, gonga spoki moja moja ukizungusha tairi. Iliyokazwa inatoa sauti, ting, inayobaki kidogo hewani. Iliyolegea inasema dup na kunyamaza. Moja mbili zilizolegea zinakazwa, ila mfululizo wa dup upande mmoja maana yake rimu imegongwa au haijaguswa miaka. Kisha zungusha tairi ukiwa umeweka kidole karibu na rimu bila kuigusa, uone kama inacheza kushoto na kulia.

Matairi yana tarehe. Tafuta neno DOT ubavuni, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Pikipiki iliyolala inakuwa na matairi yenye vikashata virefu lakini mpira umekakamaa na kupasuka nyufa ndogo ndogo kati ya kashata. Hilo tairi lina sura ya jipya na mvua ikinyesha linateleza kama sabuni, usilihesabu kama tairi. Na kumbuka rimu nyingi za spoki zinatumia tyubu, tyubu ikitoboka hewa inatoka ghafla, tofauti na tairi lisilo na tyubu ambalo mara nyingi linapungua taratibu.

Beringi za steringi: tairi la mbele likiwa hewani geuza usukani pole pole kutoka kona mpaka kona. Ukihisi katikati pana kishimo, kama usukani unataka kujiegesha hapo, beringi zimekula. Mwenzio ashike shokapu kwa chini avute mbele na nyuma, isigonge. Fanya hivyo hivyo nyuma, shika tairi uvute pembeni.

Cheni: jaribu kuivuta itoke kwenye meno ya sproketi ya nyuma, pale katikati nyuma kabisa. Ikitoka ukaona nusu ya jino, imekwisha. Meno yakiwa yamepinda kama mawimbi, vitu vitatu vinabadilishwa pamoja, cheni na sproketi zote mbili, cheni mpya kwenye meno mabovu inaisha haraka.

Neno juu ya zilizokatwa kuwa kafe resa, yaani zilizopunguzwa vitu zifanane na za mbio. Mimi sipingi mtu kuibadilisha pikipiki yake, ila kununua kazi ya mwingine ni jambo lingine. Fremu ya nyuma ikikatwa na kuchomelewa, boksi la filta likatolewa na kuwekwa vifilta vidogo vya pembeni, silensa ikafunguliwa, na kabureta haikurekebishwa, injini inapata hewa nyingi kuliko petroli, inachemka, plagi inakuwa nyeupe, na ukiachia mafuta inapasuka pasuka kwenye bomba. Watu wanaona ule mlio ni raha. Injini inaungua. Kama ni pikipiki yako ya kwanza ya aina hii nunua iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, kubadilisha utabadilisha mwenyewe ukishaijua.

Hatua ya 5: Iendeshe

Vaa helmeti na glavu, usiende hata mita mia bila hivyo kwenye mashine usiyoijua. Anza na breki kwenye mwendo wa kutembea. Kisha ipeleke ikapate moto kweli, dakika 20 sio 3. Kwenye gia ya pili vuta mafuta kwa nguvu, alafu achia, rudia, gia ikijitoa yenyewe giaboksi inataka kufunguliwa na hiyo ni kazi kubwa. Kwenye gia ya juu kabisa kwa mwendo wa wastani vuta mafuta ghafla, injini ikipandisha mizunguko bila mwendo kuongezeka klachi inateleza. Saa zingine sababu ni oili ya gari iliyowekwa humo, nitaieleza mbele.

Ukirudi na mita ya umeme (nunua, ni kifaa kidogo na kitakulipa) pima betri injini ikiwa inaunguruma kwa mizunguko ya kati. Inatakiwa uone kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu haichaji. Ikipita 15 rektifaya (kifaa kinachodhibiti chaji) imekufa na inaipika betri. Ikizimwa na kupumzika, betri nzima inasoma 12.6 au zaidi.

Hatua ya 6: Karatasi na bei

Namba ya chasisi iko shingoni mwa fremu, kulia au kushoto ya usukani, ya injini iko kwenye ganda la injini. Zisome kwa macho yako, zilinganishe na karatasi herufi kwa herufi, na angalia kama sehemu hiyo imepigwa msasa au rangi mpya. Jina kwenye karatasi liwe la anayekuuzia. Hapa hakuna mazungumzo, kikikosekana kimoja ondoka hata kama moyo unauma.

Bei ipige hivi: andika kwenye karatasi kila ulichokuta kinachotaka kubadilishwa, matairi na tyubu, betri, seti ya cheni, sili za shokapu, kusafisha kabureta, jumlisha, mwonyeshe muuzaji ile orodha bila kukashifu pikipiki yake. Watu wengi wanaouza hizi walizipenda, ukiidharau anakaza, ukimwonyesha unaijua anaelewa.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza nyumbani

Badilisha vimiminika vyote bila kujali muuzaji kasema nini. Oili ya injini na filta kwanza. Ipashe injini moto kidogo ili uchafu uelee, fungua nati ya chini, acha idondoke mpaka iishe, na ile nati ina washa yake, weka mpya. Usiikaze kwa hasira, ganda ni aluminiamu na nyuzi zake zikikatika utajuta. Oili iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2. Klachi ya hizi pikipiki nyingi inakaa ndani ya oili hiyo hiyo, na oili nyingi za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, sasa klachi bila msuguano itashika nini? Ndo ule utelezi niliousema. SR ina namna yake, oili inakaa ndani ya fremu, kwa hiyo unaipima baada ya kuiwasha dakika kadhaa, ukiipima baridi utadhani imepungua, utaongeza, na itakutapikia.

Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani hata pikipiki ikiwa imesimama, kwa hiyo kila miaka miwili yabadilishwe, utaona kwenye kioo cha mastasilinda yakiwa yamegeuka rangi ya chai. Tumia aina iliyoandikwa kwenye mfuniko, mara nyingi DOT 4, na funika tanki kwa kitambaa kwanza, tone moja linakula rangi. Plagi toa uitazame: rangi ya biskuti ni afya, nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi, nyeupe ni joto.

Kama tanki lina kutu nyepesi, litoe, toa koki, ziba matundu, jaza siki nyeupe mpaka juu, liache siku nzima au mbili ukilitikisa. Kisha mwaga, suuza kwa maji yenye magadi kidogo kuua ile asidi, suuza tena maji safi, na hapo usiende kunywa chai, chuma kilichooshwa kikabaki kitupu hivyo kinaanza kushika kutu upya ndani ya dakika. Kikaushe kwa hewa, kisha zungushia petroli yenye oili kidogo ndani. Weka na filta ndogo kwenye mpira wa petroli. Jeti za kabureta usizichokonoe kwa waya wa chuma, zinatanuka tundu, tumia dawa ya kusafishia na hewa.

Hatua ya 8: Matunzo ya kila siku

Tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya valvu na kinachoisukuma, zisetiwe injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku mzima. SR na zile 650 za Royal Enfield zinarekebishwa kwa skrubu na nati, unahitaji fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi) na mkono mtulivu. Bonneville ya kupozwa na hewa inataka shimu (visahani vya chuma vya unene tofauti), ni kazi zaidi ila hairudii mara kwa mara. Vipimo na kilomita fuata kitabu cha modeli yako. Na tapeti inayolia kidogo isikutishe, ya kutisha ni iliyonyamaza kwa sababu imebana, valvu haifungi vizuri na inaungua bila kukwambia.

Cheni ipake oili baada ya safari ikiwa bado ina joto, upande wa ndani. Ulegevu wake kwenye nyingi ni kati ya milimita 20 na 30, pima sehemu kadhaa maana cheni haichakai sawasawa. Upepo wa matairi pima kila wiki. Osha kwa ndoo na sponji, zile mashine za maji ya presha zinasukuma maji ndani ya beringi za tairi na kwenye viunganishi vya umeme, na ukimaliza kuosha iendeshe kidogo ikauke. Kromu na spoki zifute na kitambaa chenye oili nyepesi.

Sasa lile la msingi. Kuiwasha ikaunguruma dakika tano ndani alafu ukaizima, sio kuitunza. Injini inapochoma petroli inatengeneza maji, na isipopata moto kamili hayo maji hayakauki, yanabaki kwenye oili na kwenye silensa, na stata imekula chaji ambayo dakika tano hazirudishi. Bora usiiwashe kabisa mwezi mzima kuliko kufanya hivyo kila Jumamosi. Kila wiki mbili, itoe, iende nusu saa barabarani mpaka injini ipate moto wote, gia zote zipite, breki zifanye kazi. Ndo dawa kubwa kuliko polishi zote unazoweza kununua. Na ya kabureta yenye koki ya kufunga kwa mkono, funga koki kila ukipaki, kila mara, hata ukienda dukani. Ningekuwa na tabia hiyo kile kisa changu kisingetokea.

Hatua ya 9: Kama lazima ilale

Maisha yanatokea, safari, ugonjwa, kazi. Kama itakaa zaidi ya mwezi, badilisha oili kabla haijalala na sio baada, oili chafu ina asidi. Jaza tanki hadi juu, tanki lililojaa halina hewa ya kushika unyevu, weka dawa ya kuhifadhi petroli na uiendeshe kidogo ifike kwenye kabureta, alafu funga koki na ufungue skrubu ya bakuli la kabureta petroli itoke. Betri itoe au iache kwenye chaja ndogo inayojizima yenyewe. Isimamishe kwenye stendi ya katikati, matairi yakiwa na upepo kamili. Mfuniko uwe wa kupumua, nailoni inafuga jasho. Ukiziba bomba la ekzosi na kitambaa ili panya wasiingie, funga kamba nyekundu kwenye usukani ikukumbushe.

Siku ya kuiamsha usikimbilie stata. Toa kitambaa, pima upepo, bonyeza breki, angalia chini kama kuna tone lolote. Chomoa dipstiki, nusa. Kama ni safi, toa plagi, zungusha injini mara chache oili ipande, rudisha plagi, fungua koki, subiri dakika moja bakuli lijae, washa. Kama inanuka petroli, acha koki ilivyofungwa, mwaga oili yote, toa plagi, zungusha injini petroli itoke juu ya pistoni ukiwa mbali na moto wowote, na usiiwashe mpaka umefungua kabureta ukaiona ile sindano ya boya kwa macho yako.